Bei ya Tundu la A

Wiki iliyopita mliniacha juu ya ngazi. Nilikuwa nimebandika jina la duka la dawa upande wa ndani wa kioo, na herufi zote zinatazama ndani. Aliyekuwa nje aliona michoro. Wagonjwa waliokuwa ndani, ambao walishajua wako duka la dawa, ndio waliosoma bila shida.

Nilibandua, nikakata upya, nikabandika tena bila malipo. Mwenye duka la dawa alinihurumia, akanipa vidonge vya kichwa. Halafu akanitoza.

Kama ndiyo kwanza tunakutana leo, karibu, hujachelewa, mikosi bado ipo. Mimi ni fundi wa herufi za stika. Ukiona maandishi kwenye mlango wa kioo, kwenye ubavu wa gari au kwenye ndoo ya mchuuzi, ujue kuna mtu kama mimi mahali fulani macho yanamuuma. Mtaani wananiita Bwana Herufi. Mke wangu ni fundi cherehani, na tunafanyia kazi chumba kimoja. Mashine yangu ya kukatia stika iko mbele karibu na kioo, cherehani yake iko nyuma, na katikati kuna pazia alilolishona mwenyewe ili asinione ninavyopunguza bei.

Chumba si chetu. Ni cha Shangazi, dada wa marehemu baba mkwe wangu. Alipokuwa anasafiri kwenda kumhudumia binti yake aliyejifungua, alituita wote akatusimamisha kama watoto wa shule.

"Mkwe, nakuachia duka," aliniambia. "Nikirudi nikilikuta linapumua, ni lako na mkeo. Nikilikuta linakoroma, nampa kaka yake afungue saluni."

Kaka yake, yaani shemeji yangu, alikuwa amesimama palepale anapima ukuta.

Ndiyo maana tunamwita Shemeji Futi. Tangu siku ile hajawahi kuja bila futi ya kamba mfukoni. Anaingia, anasalimia, anaivuta kutoka kona hadi kona, ananong'ona namba, anaondoka.

"Endelea na kazi, shemeji," huwa ananiambia. "Mimi napima tu."

Wiki hii alikuja na draya ya kukaushia nywele, akaiweka kwenye rafu yangu, juu ya karatasi zangu za stika.

"Ya nini hii?" nikamuuliza.

"Izoee mazingira."

Sasa nieleze jinsi duka lilivyoanza kukoroma, maana ukweli lilikuwa linakoroma.

Tatizo lilikuwa ni silabi moja: ka. Mteja akiingia akasema "Fundi, nina kazi," huyo ni mteja. Akiingia akasema "Fundi, nina kakazi kadogo," ushike mfuko wako. Huyo anataka kajina, kwa kaherufi, kwenye kachupa, kwa kabei.

Watu wanadhani herufi ndogo ni kazi ndogo. Wanakosea, na mimi niliwaacha wakosee kwa muda mrefu. Mashine inachokifanya ni kuchora kwa kisu tu. Inayobaki ni kazi ya mkono: unachukua sindano, unachomoa stika yote isiyotakiwa, unaacha herufi peke yake. Herufi ya ubavu wa gari unaivua mara moja kama soksi. Herufi ya ukubwa wa punje ya mchele unaishikia pumzi, kwa sababu ukipumua inaondoka.

Kuna mama mmoja alileta chupa ya chai. "Kajina tu, fundi, kasionekane sana." Nilikainamia asubuhi nzima. Aliponilipa, nilichopata kilitosha kununua chai ya kuweka kwenye chupa ile, nusu.

Pazia likasogea kidogo, mke wangu akatoa kichwa.

"Umepata nini tangu asubuhi?"

"Nimepata mteja."

"Mteja haliwi, mume wangu."

Akarudisha kichwa.

Nikaenda kulalamika kwa anayeniuzia karatasi za stika. Ni mtu anayevaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta kutwa nzima. Alinisikiliza, akacheka.

"Kosa lako unauza ukubwa," akasema. "Wenzetu wa mbali, wanaoandika Kizungu, hawauzi ukubwa. Wanauza usumbufu. Herufi gani zinakusumbua?"

"Zenye tundu," nikasema bila kufikiri. Kila fundi wa stika atakujibu hivyo. Herufi I unaivua ikaisha. Herufi O ina tundu katikati, na lile tundu lazima urudi ulichomoe peke yake kwa ncha ya sindano.

"Basi toza tundu. Herufi isiyo na tundu, sarafu moja. Yenye tundu, sarafu mbili. Iwe kubwa, iwe ndogo."

Jamani, niliona mwanga. Nilirudi dukani natembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Nilikata stika nyekundu nikabandika ukutani herufi zote za bei mbili: A, B, D, O, P, Q, R. Kwenye Q nilicheka sana. Nani huku anaandika Q? A nikaipita bila kuitazama usoni.

Wa kwanza kusoma alikuwa mke wangu. Alisoma hadi mwisho, akafurahi.

"Sasa umekuwa mfanyabiashara," akasema. "Hebu nikatie na mimi yangu, nibandike pale kwenye kioo. NASHONA NGUO. Watu hawajui kama nipo huku nyuma."

Nikahesabu. Mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu kabla akili haijaamka.

"Sarafu kumi na tano."

Akanitazama. "Hata mimi?"

"Bei ni bei, mke wangu. Nikianza kuwapunguzia ndugu, Shangazi atalikuta duka linakoroma."

Alivuta pazia polepole hadi mwisho, na jioni ile chakula changu nilikikuta kimefunikwa, kimepoa, na yeye ameshalala akitazama ukuta.

Siku zilizofuata ndipo nilipoijua lugha yangu. Nimeiongea tangu nizaliwe, lakini sikuwahi kuilipisha. Maneno ya hao wenzetu wa mbali yanaishia kwenye T na K na S, herufi kavu zisizo na tundu hata moja. Yetu lazima yaishie kwenye vokali, na vokali yenyewe mara nyingi ni A. Dawa. Saa. Maziwa. Karanga. Kila mteja aliyefungua mdomo alifungua pochi mara mbili.

BABA yote ni matundu, kuanzia mwanzo hadi mwisho: sarafu nane. MAMA ni sarafu sita. Watoto waliokuja kuandikisha vikombe vya zawadi kwa wazazi walihesabu vizuri, wakaondoka na MAMA peke yake. Nasikia kuna baba mmoja hanisalimii hadi leo.

Kisha akaja muuza nyama.

Mtaani anaitwa Bucha, na ni mtu anayeweza kubishana bei na mashine ya kutolea pesa. Alitaka kioo chake kiandikwe MIZANI SAHIHI. Nikahesabu: kumi na nne.

"Kumi na nne kwa maneno mawili?"

"Yana A mbili."

"Toa A."

"Nikitoa A inakuwa MIZNI SHIHI."

Akakuna kidevu. Akatazama herufi nyekundu ukutani. Akatazama tena, na nikaona midomo yake inacheza.

"Nikisema HATUPUNJI?"

Nikahesabu. "Kumi na moja."

"Ahaa!" Alipiga meza hadi sindano ikaruka. "Kwa hiyo kukataa ni nafuu!"

"Nafuu vipi?"

"Wewe ndiye fundi, mimi ndiye nikufundishe? TUNAUZA inaishia na A. HATUUZI inaishia na I. Ukikubali unalipia tundu. Ukikataa, tundu linakufa!"

Nilikaa nikahesabu mara mbili. TUNAUZA, sarafu tisa. HATUUZI, sarafu nane. Alisema kweli. Bei niliyoitunga mimi mwenyewe ilikuwa inamlipa mtu kwa kukanusha.

Siri ikiwa na Bucha hailali. Kesho yake walipanga foleni hadi nje. Mng'oa meno, ambaye siku zote alitaka maandishi marefu kuhusu huduma ya kisasa isiyo na maumivu, alichukua HATUUMIZI. Dobi alichukua HATUCHELEWI. Fundi simu alikuja na sentensi nzima kuhusu uaminifu, akasikia bei, akaondoka na HATUIBI. Mwenye duka la dawa, yule wa vidonge, alifikiri sana, akachagua HATUKISII.

Mimi nilikuwa nakata, nachomoa, nabandika. Droo ikaanza kufunga kwa shida. Nilimpigia Shangazi simu mwenyewe.

"Duka linapumua?" akauliza.

"Shangazi, linakimbia."

Shemeji Futi alikuja akaona foleni, akairudisha futi yake mfukoni bila kupima. Sikumbuki furaha nyingine niliyowahi kuipata kutokana na mfuko wa mtu mwingine. Hata pazia lilifunguka kidogo. Mke wangu alinitengea chai, ingawa aliiweka mbali kidogo na mkono wangu.

Sasa sikilizeni.

Mtu mmoja mgeni, mwenye begi, alishuka mwanzo wa barabara yetu akaanza kutembea anasoma. HATUPUNJI. HATUIBI. HATUUMIZI. HATUKISII. Alipofika kwangu alikuwa ameshika begi lake kwa mikono miwili.

"Samahani, ndugu," akaniuliza kwa sauti ya chini. "Hapa kumetokea nini?"

"Hapajatokea kitu."

"Sasa mbona wote wanakana?"

Nikatoka nje nikasimama aliposimama yeye. Nikatazama juu, nikatazama chini. Kwa mara ya kwanza niliusoma mtaa wote kwa mfululizo. Ilikuwa kana kwamba tumepandishwa kizimbani sote na kila mmoja anakana shtaka lake.

Wateja nao walikuwa wameshaanza kusoma. Msichana mmoja alimwambia fundi simu, "Mimi wala sikuwa nimewaza wizi, kaka, mpaka nilipokusoma," akachukua simu yake ikiwa bado imefunguliwa, vipuri vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa mng'oa meno, mgonjwa alisoma HATUUMIZI akageukia mlangoni, jino likapona lenyewe. Kwa Bucha mama mmoja alikuja na mizani yake kutoka nyumbani, akaiweka kwenye meza, akasema, "Hatupunji, eeh? Haya, tuone."

Nasikia waliona.

Mchana wakanijia wote. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Bucha.

"Umetuharibia jina!"

"Si wewe uliyesema kukataa ni nafuu?"

"Mimi nilisema nafuu! Nilisema ni vizuri?"

"Bandua," akasema mng'oa meno.

"Nitabandua. Kubandua nako kuna bei..."

Sikumaliza. Nilibandua mtaa mzima bure, na pesa nikawarudishia, na droo ikarudi kufunga bila shida kama zamani. Shemeji Futi alitokea ghafla, akavuta futi kutoka kona hadi kona.

Lakini kabla ya kurudi makwao walikuwa wameshampigia Shangazi. Wote wana namba yake. Amekaa mtaa ule tangu wengine wao hawajaota ndevu. Jioni simu yangu ikalia.

"Mkwe."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ni kweli umeandika mtaa wangu wote kwamba hawaibi?"

"Ni mmoja tu, Shangazi. Wengine hawapunji."

"Nimekusikia," akasema, akakata.

Mke wangu aliniuliza amesemaje. Nikamwambia amesema amenisikia. Akaketi kwenye kiti chake cha cherehani, akakunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Asubuhi iliyofuata alikuja dalali.

Viatu vyake viling'aa kiasi kwamba nilifuta meza kwa aibu. Hakusema ka hata mara moja.

"Fundi, nina kazi," akasema.

Moyo wangu ukasimama wima. "Karibu, bwana mkubwa. Maandishi gani?"

"DUKA HILI LINAUZWA. Yasomeke kutoka ng'ambo ya barabara."

Nilipenda sentensi ile. Ilikuwa inakubali. Baada ya siku zote zile za hatu, hatu, hatu, hapa kulikuwa na mtu mzima anayesema jambo na kulilipia matundu yake. Nikahesabu, na kwa kuwa nimeshaumia, nikahesabu kwa uaminifu.

"Ni sarafu ishirini. Nisikufiche, D nayo ina tundu."

"Sawa."

"Hutaki nipunguze?"

"Mwenye mali ameniambia nilipe bila kuomba punguzo."

Akaweka sarafu mezani. Nilizitazama kwa heshima.

"Huyo mwenye mali ni muungwana," nikasema.

"Muungwana sana," akajibu, anatazama dari yetu, kona kwa kona.

Nilikata nikiimba. Nilichomoa A ya kwanza, ya pili, ya tatu, matundu yake nikayabandika kwenye ukucha wa kidole gumba kama tunavyofanya mafundi. Mdomo nao haukutulia.

"Watu wanauza maduka kwa uzembe, bwana," nikamwambia. "Huyo mwenye mali alimwachia nani?"

"Mtu wa familia."

"Hapo ndipo wanapokosea! Amefanya nini huyo mtu mpaka liuzwe?"

"Sijui vizuri. Nasikia ni mtu wa hesabu sana."

Nyuma ya pazia, cherehani ilisimama.

Mimi sikuisikia ikisimama. Ndugu msomaji, wewe umeshaisikia, hata wanaosoma nyuma ya bega lako wameisikia. Mimi nilikuwa natafuta ngazi.

"Tunakwenda kubandika wapi?"

"Toka nje na ngazi yako."

Nikatoka. Akavuka kizingiti, akageuka, akainua kidole kwenye kioo chetu, juu kidogo ya kichwa changu.

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa, fundi. Mwenye mali anafika leo mchana na mnunuzi."

Nataka kuwaambia kwamba nilikataa. Nataka kuwaambia kwamba nilimrudishia sarafu zake na kumwonyesha barabara. Nilibandika. Nilikuwa nimeshalipwa, tena bei kamili, na sikujua jinsi ya kukataa kazi iliyolipwa bei kamili kwa kuwa haikuwahi kunitokea. Nilibandika vizuri, mstari umenyooka, hakuna povu hata moja la hewa. Mkono haukuwa na habari. Mimi nilikuwa nayo, na iliniuma hadi kwenye meno.

Dalali akaondoka kwenda kuwapokea. Shemeji Futi akapita, futi iko tayari mkononi, akasoma. Kamba ikajikunja yenyewe ikarudi ndani kwa mlio.

"Linauzwa?" akasema. "Linauzwaje? Na saluni yangu?"

"Pole, shemeji."

"Nimepima duka hili kuliko fundi aliyelijenga!"

Akakimbia kuelekea stendi, kumuwahi Shangazi amsihi. Draya yake akaiacha kwenye rafu.

Mke wangu akatoka nje. Akasimama kando yangu, uzi mweupe umemning'inia begani, akasoma. Akasoma tena. Nilingoja anitukane. Ningefurahi kama angenitukana.

"Cherehani yangu nitaiweka wapi?" akauliza.

Ndilo jambo pekee alilouliza. Chumba tunachoishi kitanda kimegusa kuta tatu; wa nne ni mlango. Cherehani ile aliirithi kwa mama yake, na humu dukani ndimo ilimopata mahali pa kukaa kwa heshima. Na mimi, alipotaka maneno mawili tu ili watu wajue yupo, nilimhesabia.

"Nisamehe," nikamwambia. "Kwa hili, na kwa lile la NASHONA NGUO."

Akakaa kwenye kizingiti.

Sasa, mtu akizoea kuhesabu hata huzuni haimzuii. Nilikuwa nimesimama pale macho yamelowa, nayatazama yale maandishi, na kichwani namba zinapita zenyewe. LINAUZWA: herufi nane, matundu mawili, sarafu kumi. Halafu kinyume chake kikapita.

"HALIUZWI," nikasema. "Herufi nane, tundu moja. Sarafu tisa."

"Unasema nini?"

"Nasema kutouza ni nafuu."

Akainua kichwa. "Sema tena."

"Duka haliuzwi ni nafuu kuliko duka linauzwa. Kwa tundu moja."

Akasimama. Akayatazama yale maneno kwa namna anavyotazama gauni lililoletwa kupunguzwa kiuno.

"Ni herufi ngapi za kubadilisha?"

Nikaona anachokiona. "Unatoa LINA, unaweka HALI. Nne kwa nne, zinakaa palepale. UZW inabaki. Mwishoni unatoa A, unaweka I."

"Bei gani?"

"Mke wangu, wewe..."

"Nimekuuliza bei, Bwana Herufi."

"Sarafu sita."

Akaingia ndani. Nikasikia kopo lake la vifungo linafunguliwa. Akarudi, akahesabu sarafu sita mbele ya macho yangu, akazitia kwenye droo ya duka.

"Zangu za kushona," akasema. "Sitaki mtu aseme tumemwibia Shangazi stika. Kata."

Nikakata. Sijawahi kukata H kama ile. Mke wangu alichukua draya kwenye rafu, akavuta waya hadi nje, akanipa. Stika ikipata joto inalainika, inaachia kioo bila ubishi. Nikapanda ngazi, yeye akaishika chini. L ikatoka. I ikatoka. N ikatoka. A ikatoka, na tundu lake bado liko kwenye ukucha wangu. Nikaweka H, nikaweka A, nikaweka L, nikaweka I, nikapiga pasi kwa kadi. Imebaki moja tu ya mwisho. I ilikuwa kwenye midomo yangu, nimeibana kwa ncha, imeshavuliwa karatasi yake, nimeelekeza draya kwenye ile A.

Teksi ikasimama.

Akashuka dalali. Akashuka mtu mnene mwenye kalamu mfukoni, bila shaka mnunuzi. Akashuka Shemeji Futi, jasho linamtoka, amebeba mizigo isiyo yake. Mwisho akashuka Shangazi, mtandio umekaa sawasawa kama vile safari haikumgusa.

"Shikamoo, Shangazi," akasema mke wangu, mikono bado kwenye ngazi.

Nami nikajaribu kusema shikamoo, lakini nilikuwa na I mdomoni.

Shangazi hakuitikia. Alikuwa anasoma. Alisoma kwa sauti, kwa silabi, kama mtu anayefungua mfuko asioujua una nini.

"Duka. Hili. Ha-li-u-zwa." Akarudia. "Haliuzwa. Hiyo ni lugha gani, mkwe?"

"Kwani linauzwa au haliuzwi?" akauliza mnunuzi, akitoa kalamu.

"Hiyo si draya yangu?" akauliza Shemeji Futi.

Shangazi akasogea hadi chini ya ngazi.

"Mimi nililipia LINAUZWA," akasema. "Kila tundu. Hiyo HALI nani kailipia?"

Nilifungua mdomo kusema ni mimi. I ikadondoka, ikazunguka hewani, ikatua begani kwa mke wangu, ikanata palepale kando ya uzi mweupe.

"Mimi, Shangazi," akasema mke wangu. "Kwa pesa ya cherehani. Imo kwenye droo, kahesabu. Sikupunguziwa."

Shangazi alimtazama. Kisha akanitazama mimi, huko juu, na draya inavuma mkononi.

"Ulimtoza mkeo?"

"Bei ni bei, Shangazi," nikajibu. Ilitoka yenyewe.

Mnunuzi alikohoa. Dalali akatazama viatu vyake. Shangazi akampa Shemeji Futi mkoba wake, akanyoosha mkono, akaibandua ile I kwenye bega la mke wangu kwa ncha ya ukucha, akaitazama mbele na nyuma.

"Na hii haina tundu," akasema.

"Haina, Shangazi."

Akaishika kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamwondoa mke wangu taratibu kwenye ngazi, akaikamata yeye mwenyewe, na mimi nikiwa juu yake nikaihisi inatikisika, nisijue kama anaiweka sawa nimalizie ile I, au anaiondoa nishuke duka liuzwe.